Uchumba wa Uchi Runingani: Je, Ni Mchezo Tu?



Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyetuteremshia mavazi ya kutusitiri na ya kutupamba, kisha akatufahamisha kwamba vazi lililo bora kuliko yote ni la ucha Mungu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Wiki hii twaandika juu ya jambo ambalo hata kulitaja kwataka haya. Lakini Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuielewa dini yao, nasi twafuata njia hiyo. Suala lenyewe limezuka hapa Kihoto, Naivasha, katika darsa ya akina mama tunayoisomesha kila Jumapili baada ya alasiri. Wengi wao ni wafanyakazi wa mashamba ya maua, na baadhi yao ni watu wa pwani waliofuata riziki huku bara.

Mama mmoja alieleza kwamba viko vipindi vya uchumba vya Ulaya ambamo watu huvuliwa nguo ndipo wachaguane, na kwamba sasa vimeingia simuni. Mumewe huvitazama usiku watoto wakishalala, na husema ni kichekesho tu. Yeye akikasirika huambiwa ana wivu. Akauliza: "Maalim, mimi ndiye niliye mkali, ama nina haki ya kuchukizwa?"

Kabla hatujafungua kinywa, mwenzake akamjibu: "Dada, sisi twasimama tangu alfajiri tukikata waridi. Jioni tukiwacheka wazungu waliojivua wenyewe, tumemdhulumu nani?" Wakacheka wote, kisha darsa ikagawanyika pande mbili. Hatukupenda kulijibu jambo hili kwa haraka, kwani pande zote mbili zilikuwa na la kusema. Na kwa kuwa twajua simu za Mombasa, Malindi na Lamu haziko mbali na simu za Kihoto, twalijibu hapa ili faida iwe ya wote.

Vipindi vyenyewe

Wanausuli walisema kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Basi na tukifahamu kwanza.

Mwaka 2014, nchini Uholanzi, kituo cha RTL 5 kilianza kuonyesha kipindi ambamo watu wasiojuana hukutanishwa kisiwani wakiwa uchi ili watafute mapenzi. Jina lake kwa lugha yao maana yake ni "Adamu amtafuta Hawa". Mwaka huo huo Wajerumani wakawa na chao cha namna hiyo, na Marekani kituo cha VH1 kikatoa Dating Naked. Mwaka 2016 Channel 4 ya Uingereza ikaleta Naked Attraction. Humo mtu mmoja aliyevaa nguo zake huwekwa mbele ya masanduku sita ya rangi mbalimbali, na ndani ya kila sanduku yumo mtu aliye uchi. Kizuizi huinuliwa kuanzia miguuni, hatua kwa hatua, hata uso ukaja mwishoni. Kila hatua mchaguaji humwondoa mmoja, akitoa sababu zake juu ya viungo alivyoviona. Wakibaki wawili, naye huvua, kisha huchagua. Watazamaji walipolalamika, mamlaka ya utangazaji ya nchi ile, Ofcom, haikukichukulia hatua, kwani kipindi huonyeshwa baada ya saa tatu usiku, wakati ambao kanuni zao huuhesabu kuwa ni wa watu wazima.

Wala sisi wa Afrika Mashariki tusijifanye wageni wa mambo haya. Mwaka 2003 Big Brother Africa iliwakusanya vijana 12 kutoka nchi 12, zikiwamo Kenya, Tanzania na Uganda, wakafungiwa nyumba moja Afrika Kusini kwa siku 106, kamera zikiwafuata hata bafuni. Hakikuwa kipindi cha uchumba kwa jina lake, lakini ile saa ya kuoga ndiyo iliyozungumzwa sana vibarazani. Bunge la Malawi likapitisha kisionyeshwe katika televisheni ya taifa, mahakama ikakirudisha. Rais Sam Nujoma wa Namibia akalitaka shirika la utangazaji la nchi yake likiache, lionyeshe historia ya nchi badala yake. Pamoja na hayo kipindi kiliendelea msimu baada ya msimu hata mwaka 2014, zawadi ikipanda kutoka dola 100,000 hadi dola 300,000, na mara mbili, mwaka 2007 na mwaka 2014, mshindi alikuwa Mtanzania. Kwa hiyo anayesema kwamba haya ni ya wazungu peke yao amesahau ya juzi.

Majina ya walioonekana uchi katika nyumba ile hatuyataji. Huenda leo ni wazazi wenye watoto shuleni, na kumsitiri mja ni wajibu wetu hata kama yeye alijifunua.

Hoja za wanaosema ni mchezo

Tulizisikiliza hoja hizi darsani na twazipima moja moja kwa insafu.

Hoja ya kwanza ni kwamba hakuna aliyelazimishwa. Hao ni watu wazima, wametia saini, wamelipwa au wamependa wenyewe. Twakubali kwamba ridhaa humwondolea mtayarishaji lawama ya kulazimisha. Lakini ridhaa haiondoi haya iliyomo katika maumbile ya mtu. Mwaka 2014, huko Marekani, mshiriki mmoja wa kipindi cha VH1 aliwashitaki watayarishaji akidai dola milioni 10, kwa kuwa aliahidiwa kwamba tupu yake ingefichwa kwa kiwi ya picha, kumbe haikufichwa ipasavyo. Tutafakari kidogo. Huyu ni mtu aliyekubali kuvua mbele ya wapiga picha na mbele ya mwanamume asiyemjua, lakini bado ndani yake palikuwa na mpaka, na ulipovukwa aliumia. Haya haikumtoka. Ilikuwa imelala tu, na ilipoamka picha ilikwisha kuzagaa.

Hapo ndipo ilipo hatari ya saini ile. Kijana wa miaka 22 anapotia saini, hujitilia saini yeye wa leo, na pia yeye wa miaka 45, na mwanawe ambaye bado hajazaliwa. Mtume (S.A.W.) alitufunza, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba umma wake wote watarajiwa msamaha ila wanaodhihirisha: yule aliyefanya jambo usiku, Mola wake akamsitiri, kisha akapambaukiwa akiivua mwenyewe sitara ya Mola wake. Vipindi hivi vimeigeuza kazi hiyo ya kuivua sitara kuwa biashara.

Hoja ya pili ni kwamba mwili ni maumbile, na wazee wetu hawakuwa na taabu nao. Alisimama mama mmoja wa Kigiriama akasema kwamba bibi yake alivaa hando, kifua wazi, na hakuna mtu aliyemtazama kwa jicho baya. Maneno yake ni ya kweli, na hatutaki msomaji yeyote awadharau wazee wale. Lakini na tulitazame hando lenyewe. Lilikuwa vazi, tena vazi zito la nguo nyingi zilizokunjwa, na lilikuwa na adabu zake: nini kifichwe na namna ya kuketi. Kila jamii ilikuwa na mpaka wake, na kila aliyekuwa ndani ya mpaka alihesabiwa kuwa amevaa. Uislamu ulipokuja uliuweka mpaka mahali ulipouweka, nasi tumeuridhia. Kipindi cha runinga hakina mpaka wake chenyewe. Huishi kwa kuvuka mpaka wa watazamaji wake, na siku watazamaji watakapozoea, kitatafuta mpaka mwingine wa kuuvuka. Bibi yule wa Kigiriama na sanduku la Channel 4 havina uhusiano wowote.

Hoja ya tatu ililetwa kwa methali: mficha uchi hazai. Akina mama walishangilia sana kwa hoja hii. Nasi twaipenda methali hii, kwani imebeba hekima ya pwani nzima. Lakini tuulize: asiyepaswa kufichwa uchi ni nani? Ni mkunga, ambaye bila yeye mzazi na mtoto wataangamia. Ni tabibu. Ni mume kwa mkewe na mke kwa mumewe. Methali yatufunza kumfunulia anayetufaa kwa kadiri ya haja, wala haikusema tujifunue sokoni. Tena yule mkunga akitoka chumbani haendi kusimulia alichokiona. Lau angekwenda kusimulia, hakuna mwanamke ambaye angemwita mara ya pili. Uwazi wa mzazi umejengwa juu ya siri ya mkunga.

Hoja ya nne ndiyo iliyotugusa zaidi. Husemwa kwamba vipindi hivi huonyesha miili ya kila namna, minene na myembamba, yenye makovu na yenye ulemavu, na hivyo humfunza msichana kutouchukia mwili wake. Nia hiyo ni njema, na twajua kwamba binti zetu wengi huuchukia mwili wao. Lakini darsani mama mmoja, ambaye hakuwa amesema neno, alieleza kwamba binti yake wa kidato cha pili aliviona vipande vya kipindi hicho kwenye simu ya mwenzake shuleni. Tangu siku hiyo amekuwa akimuuliza mamake, kwa kuzunguka zunguka, kama yeye "yuko sawa". Msichana yule hakusikia kwamba miili yote ni mizuri. Alichokisikia ni sauti ya mtu akisema huyu nimemwondoa kwa sababu ya kiungo fulani, kisha watu wakacheka, na baadaye, alipokuwa peke yake, akajiuliza kama naye angeondolewa. Miili ilionyeshwa ya kila namna, ni kweli, lakini ilionyeshwa mbele ya hakimu.

Hoja ya tano ni ya kifiqhi, na aliyeileta ni kijana mmoja aliyetuandikia baada ya darsa. Alisema picha si mtu, na sheria imekataza kumtazama mtu. Kijana huyu amesoma, Mwenyezi Mungu amzidishie. Ni kweli kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi, Ibn Hajar al-Haytami katika Tuhfa yake ametofautisha baina ya kumtazama mtu mwenyewe na kuitazama sura yake katika kioo na mfano wake. Lakini asiishie katikati ya maneno. Kauli hiyo imefungwa na sharti: pasichelewe fitina wala pasiwe na matamanio. Sasa kipindi ambacho kimetengenezwa tangu mwanzo ili kuamsha matamanio, na ambacho kisingetazamwa lau kisingeyaamsha, kitaingiaje katika ruhusa hiyo? Kioo cha wanazuoni kilikuwa kioo tu, hakikuwa na mtu nyuma yake anayehesabu fedha.

Uchumba katika dini na ada zetu

Pengine msomaji atasema: nyinyi masheikh mwataka watu waoane vipofu. La, si hivyo. Al-Mughira bin Shu'ba (R.A.) alipomposa mwanamke, Mtume (S.A.W.) alimwamuru aende akamtazame, kwa kuwa hilo lapelekea zaidi kudumu kwa mapenzi baina yao. Kumtazama mchumba ni sunna kabla ya kuwa ada. Kwa Mashafi kinachotazamwa ni uso na viganja, na wanazuoni wametaja hekima yake: uso huonyesha uzuri, viganja huonyesha hali ya mwili. Anayetaka kujua zaidi humtuma mwanamke anayemwamini, mamake au dadake, akaone na kumweleza.

Ndivyo walivyofanya wazee wetu wa pwani. Kina mama wa upande wa mume walikwenda kwa binti kwa kisingizio cha kutembea, wakamwona anavyokaribisha, anavyotembea, anavyozungumza na mamake. Kisha barua ya posa ikaandikwa, wazee wakaketi. Na binti alipokaribia kuolewa alikuwa na somo wake, aliyemfunza mambo ya mwili na ya unyumba waziwazi kabisa, pasina kuzungusha maneno, ndani ya chumba kilichofungwa. Wanaodhani kwamba jamii yetu iliuogopa mwili hawajawahi kukaa nje ya chumba cha somo wakasikia vicheko. Mwili ulizungumzwa, uliimbwa, uliogeshwa kwa singo na kufukizwa udi. Mlango tu ndio uliofungwa.

Ada hiyo bado tunayo. Usiku wa kupamba, kina mama huvua mabuibui, wakajipamba, wakacheza, na mlangoni huwekwa mtu wa kuzuia simu za kamera. Kwa nini mnazizuia? Hapana aibu katika kucheza kwenu. Mnazizuia kwa sababu furaha ile ni ya waliomo ndani, na ikitolewa nje hugeuka kuwa kitu kingine. Basi yule mama aliyesema tumewadhulumu nani, twamuuliza kwa heshima: lau mtu angeurekodi usiku wa kupamba wa bintiye akautazama akiwa mbali, tena akicheka, angesema ni mchezo tu? Tunavyopenda binti zetu wahifadhiwe, na hao wa mbali nao ni binti za watu.

Kisha tulitazame lile jina la kipindi cha Kiholanzi. Wamelichukua jina la Nabii Adam (A.S.) na la Mama Hawa, wakalitundika juu ya kisiwa cha walio uchi. Lakini Qur'ani yatueleza, katika Suratul-A'raf na Suratu Twaha, kwamba wazazi wetu wale tupu zao zilipowadhihirikia, jambo la kwanza walilolifanya ni kukusanya majani ya Peponi wajisitiri. Hakuna aliyewaamrisha. Hapakuwa na jirani wa kuwaona wala kamera, walikuwa wawili tu, tena mtu na mkewe. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye jani. Kipindi kimechukua jina lao na kuigeuza kisa chao juu chini: pale ambapo Adam alitafuta jani, hawa wanalipwa walitupe.

Na ndoa yenyewe, Mwenyezi Mungu ameielezaje? Katika Suratul-Baqara, aya ya 187, ametufahamisha kwamba mke ni vazi la mume na mume ni vazi la mke. Hakutumia mfano wa nyumba wala wa mali. Mfano aliouchagua ni vazi: kitu kinachogusana na mwili, kinachoficha kasoro, kinachotia joto wakati wa baridi, na kinachompamba mtu mbele za watu. Wazee nao wakasema mke ni nguo. Sasa tumpime mtu aliyechaguliwa kwa kuvuliwa mbele ya umma. Aliyemchagua ameanza kwa kumhesabia kasoro zake watu wakisikia. Atakuwaje vazi lake kesho?

Chumba kimoja

Turudi Kihoto. Kanuni za utangazaji za Kenya zimeweka muda wa kuwalinda watoto, kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku, na katika muda huo vituo havifai kuonyesha yasiyowafaa. Ni kanuni nzuri, lakini ina dhana ndani yake: ya kuwa baada ya saa nne mtoto yuko chumbani kwake na mlango umefungwa. Katika ploti za Kihoto familia nyingi zina chumba kimoja, na pazia ndilo ukuta baina ya kitanda cha wazazi na godoro la watoto. Maji ya Ziwa Naivasha yalipopanda yakaingia majumbani, wako waliohamia kwa jamaa, nyumba mbili zikawa ndani ya chumba kile kile. Pazia halizuii mwanga wa skrini wala halizuii sauti. Mtoto wa miaka tisa anayedhaniwa amelala yumkini amefumba macho tu.

Aliyeijua hali hii kabla ya serikali zote ni Mwenye kuumba. Katika Suratun-Nuur, aya ya 58, ameamrisha kwamba hata watoto wasiobaleghe waombe ruhusa kuingia walipo wazazi nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wanapopunguza nguo, na baada ya sala ya isha. Ameziita nyakati tatu za faragha. Angalia jinsi sheria ilivyomlinda mtoto asiwaone wazazi wake mwenyewe, ambao ni halali wao kwa wao. Basi mzazi atasemaje juu ya mtoto huyo kuwaona wageni sita walio masandukuni?

Kwa hiyo, mama uliyeuliza, hukuwa mkali. Kuchukizwa kwako ni haya, na haya ni tawi la imani kama ilivyokuja katika hadithi sahihi. Kuvitazama vipindi hivi hakujuzu, kwa mume wala kwa mke, kwa kijana wala kwa mzee. Na aya ya kuinamisha macho, katika Suratun-Nuur hiyo hiyo, imeanza na wanaume katika aya ya 30 kabla ya kuwageukia wanawake katika aya ya 31. Mume anayemwamrisha mkewe buibui mchana na kuyaachilia macho yake usiku ameisoma sura kuanzia aya ya pili.

Tufanye nini?

Kwanza, twasema na waume. Ndugu yetu, mke wako anapokukataza jambo hili, usimjibu kwamba ana wivu. Akiwa nao, una sababu. Yeye amerudi kutoka shambani, mikono ina michubuko ya miba, na wewe unamlinganisha, hata bila kukusudia, na watu waliopangwa chini ya taa za studio. Kila mke hujua anapolinganishwa. Hahitaji kuambiwa.

Pili, twasema na wake. Mkatazeni waume zenu faraghani, kwa maneno laini, msiwapekue simu usiku kucha, kwani kupeleleza nako kumekatazwa. Wala msiyatangaze kwa majirani, kwani tutakuwa tumeyakemea ya kuvuana nguo kwa kuvuana heshima.

Tatu, kuhusu watoto. King'amuzi kina namba ya siri ya wazazi: itumieni. Simu ya kulala na mtoto isiwepo. Lakini mtoto akikutwa ameona, asipigwe wala asiaibishwe mbele ya nduguze. Aketishwe, aulizwe ameona nini na ameelewa nini. Binti aliyemuuliza mamake kama yuko sawa amefungua mlango. Mamake na amwambie waziwazi kwamba Mola amemuumba katika umbo bora, na kwamba mwili wake si mtihani wa kufaulishwa na mtu yeyote. Na mama asiyeweza kuyasema haya, amtafute somo. Mashangazi na mabibi wenye busara hawajaisha. Tukinyamaza sisi, simu itafunza.

Nne, kuhusu kucheka. Yule mama aliyetaka kucheka baada ya kazi hakukosea katika haja yake. Dini yetu haikukataza kicheko. Amepokea Bukhari kwamba Wahabeshi walikuwa wakicheza kwa mikuki msikitini, na Bibi Aisha akapenda kuwatazama. Mtume (S.A.W.) akasimama akamsitiri kwa shuka yake hali yeye akitazama, wala hakuondoka hata Bibi Aisha mwenyewe alipotosheka. Huo ni mume aliyemtafutia mkewe burudani, akasubiri kwa ajili yake, na akamsitiri vilevile. Twawausia waume wa Kihoto na wa pwani: kabla ya kuuliza wake zenu wanatazama nini, ulizeni lini mliwatoa mara ya mwisho. Ufuo wa bahari hauna kiingilio. Huku bara ziwa liko. Vichekesho safi vipo, mashairi yapo, na ngano za bibi bado zina wenyewe.

Kila mwezi wa Februari mashamba ya huku hufanya kazi usiku na mchana ili waridi ziwahi kufika Ulaya kwa siku ya wapendanao, na nyingi hupitia Uholanzi. Akina mama wa darsa yetu huzifunga mashada, na kila shada hufunikwa kwa karatasi lisije likavunjika njiani. Tuliwauliza kwa nini wanalifunika. Wakajibu kwamba ua lililofika limechubuka halinunuliwi. Tukawaambia kwamba fiqhi ya sitara wanayo tayari mikononi mwao.

Ewe Mola wetu, zisitiri aibu zetu na uzitulize hofu zetu. Zihifadhi macho ya waume zetu na nyoyo za wake zetu, na uwape binti zetu kuridhika na ulivyowaumba. Wale waliojifunua, wawe wa dini yetu au si wa dini yetu, warejeshee sitara yako. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.